Bahari ya Wenyewe: Nasaha kwa Familia Ziendazo Karibea kwa Mara ya Kwanza

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

Kila inapokaribia likizo ya Desemba, ofisi ndogo ya kamati ya msikiti wetu hupata wageni wa namna moja. Mzazi huingia baada ya swala ya Isha, akaketi, akaulizia hali zetu, kisha akatoa simu na kutuonyesha picha: mchanga mweupe, minazi na maji ya rangi ya feruzi. Mwana aliyehamia Toronto, au binti aliyeolewa Houston, amepata likizo fupi. Anaikimbia baridi ya huko, na amewalipia wazazi na wadogo zake nauli wakutane kwa wiki moja katika hoteli ya ufukweni, Jamaica, Barbados au Jamhuri ya Dominika. Mzazi hana raha kamili. Huuliza: "Je, tutapata chakula cha halali? Stara ya mabinti itakuwaje? Tutaswali wapi?"

Hayo ni maswali ya msingi na tutayajibu. Lakini miaka yote ambayo tumekaa katika kiti hiki, hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kutuuliza juu ya bahari yenyewe. Nasi hatuwalaumu, kwani hata sisi tulipokwenda hatukuuliza. Sisi ni watu wa Pwani. Nani atufundishe bahari?

Kamati imetutaka tuandike nasaha hizi ili zisomwe majumbani, na tumeona si haki kuziandika pasi na kueleza yaliyotupata wenyewe.

Yaliyotupata

Mwezi wa Desemba 2023 tulisafiri na ahali yetu, dada yetu na mwanawe wa miaka kumi na mmoja, hadi Montego Bay, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Jamaica. Jamaa yetu aliyekulia Toronto alikuwa anaoa binti wa Kijamaika aliyesilimu, na walima ulifanyika huko. Tulifikia katika hoteli ya pwani, mojawapo ya zile ambazo chumba, chakula na vinywaji vyote vimo katika bei moja, na mgeni hufungwa utepe mkononi ili atambulikane.

Kila asubuhi tulipokwenda ufukweni tulimpita kijana mmoja aliyekaa juu ya kiti kirefu cha mbao. Alikuwa kifua wazi, nywele zake zimesokotwa hadi mabegani, na pembeni yake liko boya jekundu. Kila asubuhi alitusalimu kwa Kiingereza, na kila asubuhi tulipita kimya. Tulimdhania kuwa ni miongoni mwa watu wanaouza uzi na shanga, au mengine yasiyosemeka. Tukajiambia kuwa tunainamisha macho.

Siku ya tatu mawimbi yalikuwa makubwa kuliko siku mbili za mwanzo. Karibu na kile kiti ilipepea bendera nyekundu. Tuliiona, tukadhani ni pambo la hoteli. Mtoto akaomba kuoga. Tuliyatazama maji kwa jicho la mtu aliyezaliwa kando ya bahari, tukaona mahali pamoja ambapo mawimbi hayakuvunjika, maji yake yakiwa ya rangi nzito na yametulia kama njia kati ya povu mbili. Sisi wenyewe, kwa kidole chetu, tukamwonyesha: "Ingia pale, pametulia."

Haikupita dakika mbili akawa mbali. Hakupiga kelele. Tuliona kichwa, kisha mkono, kisha kichwa tena, na kila mara kilikuwa kidogo zaidi. Mama yake alikimbilia majini na gauni lake refu la pamba. Wimbi la kwanza likamwangusha, na nguo iliyolowa ikamfunga miguu asiweze kusimama. Sisi tukamkimbilia yeye, na tulipoinua macho tulimwona yule kijana wa kiti kirefu akitupita mbio, boya begani, akitupigia ukelele turudi nyuma. Alimfikia mtoto, akampa boya alishike, kisha hakurudi moja kwa moja kama tulivyotarajia. Aliogelea kwa upande, sambamba na ufuko, mwendo mrefu, ndipo akageukia nchi kavu.

Mtoto alitoka akiwa hai. Alhamdulillah. Alitapika maji, akalala mchangani akitetemeka. Kijana yule akatuambia kwa upole kwamba ni lazima aonwe na daktari hata kama anaonekana mzima, kwa sababu maji yaliyoingia kifuani huweza kuleta dhiki ya pumzi saa kadhaa baadaye. Usiku ule tulikesha hospitalini, dada yetu upande mmoja wa kitanda nasi upande wa pili. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Bahari ile si hii

Tuliporudi nyumbani tuliuliza na kusoma, tukatambua mahali ilipokuwa hitilafu yetu. Sisi huku huisoma bahari kwa kujaa na kupwa. Zanzibar na Mombasa, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne. Mtoto wa Pwani hujua saa ya kwenda mwambani na saa ya kurudi. Katika Karibea, kujaa na kupwa ni kudogo mno, aghalabu chini ya nusu mita. Elimu yetu ya maji mafu na bamvua haina kazi kule. Kinachotawala ni upepo wa mashariki uvumao karibu mwaka mzima, pamoja na mawimbi yatokayo mbali. Pande za visiwa zinazoelekea bahari kuu ya Atlantiki, kama pwani ya mashariki ya Barbados, huwa na mawimbi makali, ilhali pande za magharibi huwa tulivu. Pwani ya kaskazini ya Jamaica nayo, katika miezi ya Desemba hadi Machi, huweza kupigwa na mawimbi yanayosukumwa na baridi ya Amerika ya Kaskazini, hata kama jua linawaka na anga ni safi.

Mawimbi yaletayo maji ufukweni hayana budi kuyarudisha. Maji hayo hutafuta mlango, mahali penye kina zaidi, yakatoka kwa kasi kama mto mwembamba. Ndiyo sababu mahali hapo mawimbi hayavunjiki, na ndiyo sababu huonekana pametulia. Yaani mahali ambapo mgeni hupachagua kwa usalama ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Mkondo huo haumvuti mtu chini, humvuta nje. Mtu hufa kwa sababu hupigana nao kwa kuogelea kuelekea nchi kavu mpaka nguvu zikamwishia.

Basi wazazi wawafundishe watoto mambo haya kabla ya safari, kama wanavyowafundisha dua ya kupanda chombo:

Kwanza, ukivutwa, usipigane. Elea, vuta pumzi, inua mkono juu kuomba msaada.

Pili, ukiweza kuogelea, ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke katika mkondo, kisha rudi kwa mshazari.

Tatu, ukimwona mwenzako anavutwa, usimfuate mikono mitupu. Mwite mwokoaji, mtupie chochote kinachoelea. Waliokufa wakiwafuata watoto wao ni wengi.

Nne, zijueni bendera. Kijani ni shwari. Njano ni tahadhari. Nyekundu ni hatari kubwa, na kwa familia isiyozoea maana yake ni kutoingia. Nyekundu mbili maana yake bahari imefungwa. Zambarau ni alama ya viumbe vyenye sumu majini. Mahali pasipo na bendera wala mwokoaji, ulizeni wenyeji kabla hamjalowesha mguu.

Na tano, mtoto asiachwe majini bila jicho la mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kuzama hakuna kelele kama kwenye filamu. Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Bwawa la hoteli nalo ni maji, na lina hatari yake.

Stara isiyozamisha

Suala la mavazi limewahangaisha kina mama wengi, nasi tulijifunza upande wake ambao hatukuufikiria. Gauni la pamba, baibui na kanga ni stara njema nchi kavu, lakini zikilowa huwa nzito na huzunguka miguu. Anayetaka kuingia majini, hata kwa kumwangalia mtoto tu, avae vazi la kuogelea la stara lililoshonwa kwa kitambaa chepesi kisichonyonya maji, lenye kufunika mwili na kichwa. Siku hizi yanapatikana kwa wingi. Hoteli nyingi huyakubali katika bwawa ila hukataa nguo za pamba kwa sababu za usafi wa maji. Waulizeni kwa maandishi kabla hamjalipa, na jibu lao mlihifadhi.

Kwa familia inayotaka stara zaidi, njia bora ni kukodi nyumba yenye ua na bwawa lake badala ya chumba katika hoteli kubwa. Kwa familia ya watu wengi, mara nyingine gharama hazipishani sana, na mnapata jiko lenu. Mkilazimika kukaa hotelini, chagueni ile ipokeayo familia, si ile ya watu wazima peke yao, na ombeni chumba kilicho mbali na baa na uwanja wa muziki. Mnaweza pia kuomba vileo viondolewe katika jokofu la chumbani kabla hamjaingia. Sisi tuliomba, na mhudumu aliviondoa bila ya kuuliza sababu.

Alfajiri, baada ya swala, ufuko huwa karibu mtupu. Ahali yetu na dada yetu walitembea pale kila siku kwa raha zao kabla wengine hawajaamka. Na kuhusu watakaoonekana saa nyingine wakiwa nusu uchi, Surat An-Nur imewaamrisha waumini wanaume kuinamisha macho yao kabla ya kuwaamrisha wanawake. Amri hiyo ni yetu. Hatukwenda kule kuwa maaskari wa nguo za wageni wenzetu.

Swala, Qibla na saa

Huku Dar es Salaam tumezoea kuelekea kaskazini. Jamaica Qibla ni upande wa kaskazini-mashariki, ukiegemea zaidi mashariki, takriban nyuzi 60 kutoka kaskazini. Pakueni programu ya Qibla kabla ya safari, au mchukue dira ndogo.

Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Adhuhuri ya Dar es Salaam ikiingia, Jamaica bado ni usiku. Tena kumbukeni kuwa wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: ukiambiwa gari litakuja saa nane asubuhi kwa hesabu yao, kwetu ni saa mbili. Familia moja ya msikiti wetu ilikosa ndege ya kurudi kwa kuchanganya hesabu hizo. Mwezi wa Desemba jua huzama kule kabla ya saa kumi na mbili jioni, hivyo Magharibi huwakuta watu wengi bado wako ufukweni. Pangeni matembezi yenu kwa kufuata swala.

Jambo jingine linalosahaulika: wengi hudhani kuwa madhali wako safarini watapunguza na kujumuisha swala muda wote. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hana ruhusa hiyo awapo pale. Anayekwenda kwa wiki moja hotelini na amwulize sheikhe wake kabla hajaondoka.

Kilichomo sahanini

Chakula cha Jamaica kina ladha iliyo karibu na yetu: wali wa nazi na maharage, samaki, ndizi, pilipili. Lakini tahadhari ni wajibu. Nyama ya kubanika iliyokolezwa viungo, ambayo kisiwa kile kina sifa nayo, hufanywa kwa kuku na kwa nguruwe pia, mara nyingi juu ya jiko moja. Chakula cha taifa, tunda la ackee lililopikwa na samaki wa chumvi, ni halali kwa asili yake, ila baadhi ya wapishi hukitia vipande vya nguruwe. Keki nyeusi ya sikukuu hulowekwa katika ramu. Michuzi na vitamu vingi vya hotelini navyo huchanganywa na pombe. Usiulize, "Je, ni halali?" kwani huenda mhudumu asilijue neno hilo akakuitikia kwa adabu tu. Uliza, "Je, kina nguruwe? Kina pombe? Kimekaangwa kwa mafuta gani?"

Msaada tulioupata bila kuutarajia ulitoka kwa Marastafari. Chakula chao wanachokiita Ital hakina nguruwe, na kwa kawaida hakina nyama kabisa. Pale samaki alipokosekana, tulikula huko kwa amani.

Watoto waonywe wasichume tunda lolote. Ackee likiliwa kabla halijapasuka lenyewe mtini ni sumu ya kuua. Na katika fukwe nyingi za Karibea upo mti uitwao manchineel, wenye matunda mfano wa tofaa dogo la kijani na harufu ya kuvutia. Tunda lake huunguza kinywa na koo, na utomvu wake hutoa malengelenge. Hata kujikinga mvua chini yake ni hatari, kwa kuwa matone huteremka na utomvu. Baadhi ya visiwa huupiga rangi nyekundu shinani ama kuuwekea kibao. Penye alama hiyo, kaeni mbali.

Majini wapo yavuyavu, na wapo viumbe weusi wa miiba mirefu kama wa kwetu. Viatu vya majini ni kinga nzuri. Yupo pia samaki wa mistari myekundu na myeupe, mwenye mapezi marefu ya miiba ya sumu. Huyu ni mgeni kule. Asili yake ni bahari hizi zetu za Hindi na Pasifiki, na amekuwa balaa kwa samaki wa Karibea. Msimguse, wala msikanyage matumbawe. Kwetu watu hutembea juu ya mwamba maji yakipwa. Kule kukanyaga matumbawe ni kuyaua, na ni aibu mbele ya wenyeji.

Mbu, vimbunga na makaratasi

Homa ya dengue ipo katika visiwa vingi, na mbu wake huuma mchana. Chikungunya nayo iliingia Karibea mwishoni mwa mwaka 2013. Jina la ugonjwa huo ni la Kimakonde, kwani ulielezwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika baada ya mlipuko wa mwaka 1952. Chukueni dawa ya kufukuza mbu na nguo za mikono mirefu. Losheni ya kukinga jua isisahauliwe kwa watoto, hata wenye ngozi nyeusi, na ipakwe upya kila baada ya saa mbili.

Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Haya si maneno ya vitabuni. Kimbunga Beryl kiliviumiza visiwa vya Grenada mwanzoni mwa Julai 2024 kisha kikaipiga kusini ya Jamaica, na tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa, cha daraja la tano ambalo ndilo la juu kabisa, kiliingia magharibi mwa Jamaica na kuacha maafa makubwa. Bei zikiwa rahisi mno katika miezi hiyo, sababu ndiyo hiyo.

Kuhusu makaratasi: anayepitia Marekani, hata kwa kubadili ndege tu, anahitaji viza ya huko. Nchi nyingi za Karibea hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na chanjo hukubalika baada ya siku kumi tangu kuchomwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya ridhaa ya mwingine. Na bima ya safari yenye matibabu isiachwe. Usiku ule wa hospitali tuliambiwa tulipe kwanza, na kama si jamaa wa Toronto na kadi yake ya benki tungeaibika.

Nguo zenye madoa ya kijeshi zitoeni katika masanduku, hata kofia na suruali za watoto. Jamaica, Barbados, Trinidad na Tobago na nchi nyingine za huko, raia kuvaa nguo hizo ni kosa la jinai. Bangi itauzwa mbele yenu kana kwamba ni karanga. Ingawa Jamaica ililegeza adhabu ya kiasi kidogo mwaka 2015, haijaihalalisha kwa kila mtu, na kwetu sisi jambo hili halina mjadala. Vijana waambiwe wazi, na wasimbebee mtu mzigo wowote uwanja wa ndege. Teksi zilizosajiliwa Jamaica huwa na namba nyekundu. Polisi wanapatikana kwa simu namba 119, gari la wagonjwa namba 110.

Wenyeji nao wana heshima yao

Adabu ya Karibea huanza kwa salamu. Mtu haingii dukani wala hapandi gari la abiria bila kuamkia, na hamuulizi mtu njia kabla hajamtakia asubuhi njema. Asiyesalimu huhesabiwa kuwa ana kiburi. Ni ajabu kuwa sisi, ambao Qur'ani imetuamuru kujibu maamkizi kwa mfano wake au bora zaidi, tulihitaji kuvuka bahari ili tukumbushwe.

Msiwapige picha watu bila idhini. Wachuuzi wakiwajia, kataeni kwa upole na kwa uthabiti. Msipatane bei ya kitu msichokusudia kununua. Vazi la kuogelea huishia ufukweni. Kwenda nalo mjini ni kuwadharau watu. Wahudumu wapeni bakshishi na shukrani, na kumbukeni kwamba huenda wao wenyewe hawaruhusiwi kuoga pale mnapooga. Barbados fukwe zote ni za umma, lakini Jamaica, kwa sheria ya mwaka 1956, mwananchi hana haki ya jumla ya kuingia ufukweni, na sehemu kubwa ya pwani iko nyuma ya kuta za mahoteli.

Tena ardhi ile ina historia yetu Waislamu. Miongoni mwa Waafrika walioletwa Jamaica kwa minyororo kutoka Afrika Magharibi walikuwamo wanachuoni. Muhammad Kaba Saghanughu, akiwa mtumwa katika eneo la Manchester, aliandika kwa hati ya Kiarabu kitabu kuhusu swala, na hati hiyo ipo mpaka leo. Abu Bakr as-Siddiq, aliyezaliwa Timbuktu na kulelewa Jenne, aliandika habari za maisha yake mwaka 1834, mwaka uleule Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake ya huko. Walimuomba Mola wao chini ya mjeledi. Sisi tuliokwenda kule kwa ndege, tukiwa na vitanda laini na maji ya moto ya kutawadhia, tuna udhuru gani wa kupitwa na Alfajiri? Leo Waislamu wa Jamaica ni wachache, lakini misikiti ipo. Trinidad na Tobago Idd-el-Fitr ni sikukuu ya taifa. Watafuteni ndugu zenu. Jumaa moja pamoja nao ni bora kuliko matembezi mengi ya mashua.

Tulivyorudi pale kwenye kiti

Mtoto alipotoka hospitalini asubuhi, tulikwenda moja kwa moja ufukweni. Kijana yule alikuwa juu ya kiti chake. Safari hii sisi ndio tuliotangulia kumwamkia. Aliitikia kama alivyokuwa akituamkia siku zote, bila kinyongo. Tulimpa bahasha, akaikataa. Tukamsihi aseme lolote tuwezalo kumfanyia. Alimtazama mtoto, akauliza kama anajua kuogelea. Tukasema hajui. Akauliza kuhusu mama yake. Hajui. Akatuuliza sisi. Tukanyamaza.

"Basi jifunzeni," akasema. "Watu wa bahari, na hamjui kuogelea?"

Hatukuwa na la kujibu. Yule Bedui aliyemwacha ngamia wake huru akidai amemtegemea Mwenyezi Mungu, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza. Nasi tulikuwa tumemwacha ngamia wetu huru miaka mingi, tukiita uzembe huo tawakali.

Tangu mwaka uliofuata, kamati ya msikiti wetu hukodi bwawa la shule ya jirani kila Jumamosi: asubuhi wavulana na mwalimu wao, alasiri wasichana na kina mama na mwalimu wao wa kike, madirisha yakiwa yamezibwa. Mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa alikuwa yule mtoto. Wa pili alikuwa mama yake. Jina la tatu katika daftari lile ni la katibu wa kamati, ambaye hadi leo huogelea vibaya, lakini huogelea.

Mzazi mwenye mwaliko mkononi na asafiri kwa amani, akutane na wanawe, aone ukubwa wa kazi ya Muumba. Ila kabla ya kununua masanduku, aje kwanza Jumamosi. Daftari lipo ofisini, na nafasi bado zipo.

Wabillahi tawfiq.